Asilimia 75 ibaki, alama 10 ziondoke

Karatasi ya masharti ya Kijerumani mwaka wa pili ilibandikwa ubaoni wiki ya kwanza ya muhula. Kufikia wiki ya tatu, tayari kuna barua inazungushwa vyumbani kukusanya saini ipelekwe serikali ya wanafunzi. Wengi mmeiona. Inadai mambo mawili: mahudhurio yashushwe kutoka asilimia 75 hadi 50, na programu za kutafsiri za kwenye simu ziruhusiwe katika kazi za nyumbani. Nilisoma, nikairudisha bila kusaini. CR ameshaniuliza mara mbili kwa nini, kwa hiyo bora nijibu hapa wote msikie.

Kwa wasiosoma kozi hii, masharti yenyewe ni haya. Ukihudhuria chini ya asilimia 75 ya vipindi, mtihani wa mwisho hufanyi. Ukichelewa dakika 15, umehesabiwa hukuja. Simu inazimwa. Baada ya dakika 10 za mwanzo hakuna Kiswahili wala Kiingereza darasani, ni Kijerumani tu, hata ukitaka kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Alama zimegawanywa hivi: mtihani wa mwisho wa kuandika 60, testi na kazi za nyumbani 30, kuzungumza 10. Na juu kabisa, kwa herufi nene, imeandikwa kwamba anayemaliza mwaka wa pili anatarajiwa kuwa amefikia kiwango cha B1.

Watu wanalalamikia mahudhurio. Mimi ninayepanga Olmotonyi ningekuwa wa kwanza kulalamika, maana kipindi cha saa 2:00 asubuhi kwangu maana yake ni kuamka giza bado nene, na gari halitoki mpaka lijae, halafu linasimama Ngaramtoni, linasimama Sakina, linasimama kila mahali mtu aliponyoosha mkono. Lakini hebu tupige hesabu kidogo.

Tuna saa 3 kwa wiki, wiki 15 kwa muhula. Mwaka mmoja ni saa 90, miaka miwili ni saa 180. Wajerumani wenyewe huhesabu kwa vipindi vya dakika 45, kwa hiyo miaka yote miwili tunapata vipindi 240. Sasa Goethe-Institut, ambao ndio wenye mitihani inayotambulika, wanakadiria kwamba kufikia A2 mtu anahitaji vipindi 200 hadi 350, na B1 vipindi 350 hadi 650. Umeona hapo? Mtu asiyekosa hata siku moja, asiyeumwa, asiyefiwa, anamaliza akiwa ndani ya A2. Akihudhuria asilimia 75 ya mwaka wa pili anakuwa na vipindi 210, yaani amevuka mstari kwa kucha. Akihudhuria nusu kama barua inavyotaka, anabaki na 180, na hapo hata A2 yenyewe hajaigusa. Ile asilimia 75 mnayoichukia ndiyo inayotofautisha kusoma lugha na kuandikishwa tu kwenye lugha.

Na tuambizane ukweli, tatizo la mahudhurio mwaka jana halikuwa asilimia. Lilikuwa kusainiana. Karatasi ilirudi mbele ina majina 41 huku darasani tupo 26. Hao 15 wa hewani leo ndio wanaoandika barua kwamba mwaka wa pili ni mgumu mno.

Ninachowalaumu waliotunga karatasi ni hiyo B1 ya herufi nene. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa juu aliiamini. Alikusanya nauli na ada ya mtihani, akaenda Dar es Salaam kufanya B1, kwa sababu alikuwa anataka nafasi ya kusomea ufundi Ujerumani, na huko kwa kawaida wanadai B1. Alirudi mikono mitupu. Kijana hakuwa mzembe, alipiga msuli kweli. Alikuwa mwanafunzi wa A2 aliyeambiwa kwa maandishi kwamba ni wa B1. Pesa ile ilikuwa ya kuuza ndama wa nyumbani, na ndama harudi. Karatasi iandike A2. Si aibu, A2 unapata nayo kazi ya kupokea wageni, na anayekwenda kulea watoto kwa familia ya Kijerumani anatakiwa A1 tu. Anayetaka uuguzi ajue mapema kwamba ataombwa B2, kwa hiyo safari yake ndiyo kwanza inaanza.

Kuhusu programu za kutafsiri, hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na barua. Kiswahili chetu hakina jinsia kwenye kitenzi. "Alilima, akauza, akajenga" anaweza kuwa babu, anaweza kuwa bibi. Kijerumani kinalazimisha uchague "er" au "sie". Mashine haimjui bibi yako, kwa hiyo inabahatisha. Muhula uliopita mmoja wetu aliandika insha nzuri sana kuhusu bibi yake wa Nkoaranga. Ilipopita kwenye simu, bibi akawa mwanamume kuanzia sentensi ya 3 mpaka mwisho wa ukurasa. Ticha alicheka, sote tukacheka, lakini mwenye insha hakuelewa tunacheka nini. Hilo ndilo lililonisikitisha. Kutumia simu ni jambo moja, kutokujua simu imekudanganya wapi ni jambo jingine. Mwaka wa pili ndio wa kujenga jicho hilo.

Tena Mswahili ana mtaji ambao hatuutumii. Wanaosema Kijerumani ni kigumu husingizia viambishi vya vivumishi: "ein hoher Baum", "der hohe Baum", "die hohen Bäume". Sasa wewe uliyekua ukisema mti mrefu, miti mirefu, jiti refu, kijiti kirefu, utatishwa na nini? Sisi tunabadilisha kichwa cha neno, wao wanabadilisha mkia. Kitenzi kukimbilia mwisho wa sentensi baada ya "weil" au "dass", hilo kweli halina ndugu kwetu, linataka mazoezi ya mdomo. Na mdomo ndio unaopewa alama 10.

Hapo ndipo penye kesi yangu. Kwenye mtihani wa A2 wa Goethe-Institut, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza kila kimoja kina alama 25 kati ya 100. Sisi tunapewa 10 za kuzungumza, na hizo nazo hutolewa kwa prezentesheni ya dakika 3 ambayo mtu ameikariri kutoka desa la kaka yake. Unaweza kupata A kwenye kozi yetu bila kuweza kumwambia mgeni kwamba njia imefungwa. Halafu tunapiga marufuku Kiswahili darasani! Tunaadhibiwa kwa kutozungumza Kijerumani ndani ya saa moja na nusu, lakini mwisho wa muhula kuzungumza hakuna uzito. Mwanafunzi si mjinga, anafuata alama zilipo. Alama zikienda kwenye kalamu, mdomo utalala.

Na hapa Arusha mdomo ndio chakula. Darasani kwetu karibu theluthi ni watu wa utalii, na wengine wasio wa utalii ni wapagazi Meru na Kilimanjaro pindi bumu linapochelewa. Msimu ukianza mwezi wa 6 mtu anaitwa usiku kwa simu: kuna kundi la Wajerumani 8, siku 6, unakuja au huji? Anakwenda, maana ada haimsubiri. Akirudi anakuta kipindi viwili vimeandikwa utoro. Mimi asilimia 75 naitetea, lakini hili hapana. Mtu huyu amekaa siku 6 na watu wanaozungumza Kijerumani tangu chai mpaka kulala. Amejifunza kwamba kumwambia mama wa miaka 70 "du" ni kama kijana kumpita mzee njiani bila shikamoo, mpaka mwenyewe akuruhusu. Amejifunza kuomba wageni wanyamaze karibu na tembo bila kuwakaripia, "Könnten Sie bitte leise sein?", ambayo ndiyo ile sura ya kitabu tunayoikariri wiki nzima bila kujua inafanya kazi gani duniani.

Napendekeza hivi. Anayekwenda safari na wageni wa Kijerumani aarifu kabla, na akirudi akae mbele ya darasa dakika 10 aeleze kwa Kijerumani, bila karatasi, walipita wapi na nini kilitokea, kisha sisi tumuulize maswali. Akiweza, kipindi kimehesabiwa. Akishindwa, ni utoro. Naona hili ni gumu kuliko kuhudhuria, na hakuna wa kusainiwa.

Limebaki suala la tunachosoma. Sura ya 4 ya kitabu chetu inahusu kituo cha treni cha München. Sura ya 5, kuchambua takataka za nyumbani katika mapipa ya rangi tofauti. Sina ugomvi na mapipa. Lakini Wajerumani walikaa hapa, wakaandika, na waliyoyaandika bado yapo. Boma la mjini, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, walilijenga wao. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Mangi Meli kule Old Moshi pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na wa Arusha, na mabaki ya watu wetu yakasafirishwa kwenda Berlin. Septemba 2023 taasisi ya Stiftung Preußischer Kulturbesitz ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu hayo na jamaa walio hai wa upande wa Kilimanjaro, moja likihusishwa na Akida, aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli. Tangazo kama hilo ni la kwetu kabisa, kwa nini tulisome kwa kusimuliwa? Dar es Salaam, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, kuna kumbukumbu za utawala wa Kijerumani ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Mwandiko wa mkono wa zamani wa mwaka wa pili hatuuwezi, nakubali. Ila tangazo fupi lililopigwa chapa, likichaguliwa vizuri na kufafanuliwa, tunaliweza.

Au tuache huzuni, twende msituni. Hapa Olmotonyi ninapolala naamshwa na misumeno ya mafunzo. Kuna chuo cha misitu, kuna Msitu wa Mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, na majirani zangu wanatamka neno "uendelevu" kila baada ya sentensi mbili. Wachache wanajua kwamba aliyelipa wazo hilo jina katika maandishi ya misitu ni Mjerumani wa Saxony, Hans Carl von Carlowitz, mwaka 1713, mtu wa migodi aliyeona kuni za kuyeyushia madini zinakwisha. Leo Wajerumani husema "Nachhaltigkeit". Nipeni kurasa mbili za Kijerumani chepesi kuhusu kukata na kupanda, niwasomee majirani zangu, wao wanieleze miti, mimi niwaeleze sarufi. Hiyo ni kazi ya nyumbani ambayo simu haiwezi kunifanyia, maana maswali yatakuja papo hapo.

Najua wapo watakaosema alama nyingi za kuzungumza zitawaumiza wenye aibu. Kweli kabisa, na mimi nina marafiki wa hivyo, hasa dada ambao wakikosea kidogo kuna watu nyuma wanaguna. Basi mtihani wa kuzungumza ufanywe wawili wawili, mlango umefungwa, kama wafanyavyo Goethe-Institut. Na wanaoguna watolewe nje. Sharti hilo halimo kwenye karatasi na lingefaa liwemo.

Kikao cha wawakilishi wa madarasa ni Jumatano, saa 10:00 jioni, ukumbi mdogo. Nitapinga asilimia 50 na nitapinga simu. Nitaomba B1 ifutwe iandikwe A2, alama za kuzungumza zipande kutoka 10 hadi 25 kwa kupunguza zile 60 za mtihani wa kuandika, na safari za kazi zihesabiwe kwa sharti nililolieleza. Barua nyingine yenye madai haya iko kwa CR tangu jana. Mpaka naandika haya ina saini 4.