Chozi la Athene na Chozi la Mogogosiek: Kuhusu Dharau ya Wahakiki kwa Wasomaji wa Riwaya za Mfululizo

Utangulizi

Makala haya ni ya ubishi, na ni vyema msomaji alijue hilo mapema. Tunabishana na kauli ambayo imerudiwa mno katika semina zetu hata ikageuka kuwa kanuni, kwamba wasomaji wa riwaya za mfululizo, hizi zinazotolewa sehemu kwa sehemu magazetini na siku hizi katika simu za mkononi, hawasomi bali wanalia, wanacheka na kulaani. Na kwamba kwa sababu hiyo maoni yao kuhusu dhamira na wahusika hayana nafasi katika taaluma ya uhakiki. Sisi tunadai kinyume chake. Tunadai kwamba maoni hayo ni uhakiki, kwamba aghalabu ni uhakiki makini kuliko ule tunaouandika, na kwamba kuyapuuza ni kosa la kitaaluma kabla ya kuwa kosa la adabu.

Kilichotusukuma kushika kalamu ni tukio dogo. Miaka michache iliyopita, katika idara moja ambayo hatutaitaja, mwanafunzi wa uzamili aliwasilisha pendekezo la utafiti. Alitaka kukusanya na kuchanganua yale ambayo wachumaji wa majani chai wa Bomet husema kuhusu wahusika wa hadithi wanazozifuata simuni. Mmoja wa wanajopo akamwuliza, "Sasa huo ni uhakiki au umbea?" Jopo likaangua kicheko. Mwandishi wa makala haya alikuwa mwanajopo, naye alicheka. Mwanafunzi alirudi baada ya miezi mitatu na mada kuhusu matumizi ya taswira katika riwaya moja iliyotahiniwa shuleni. Tasnifu ilipita. Hatujui mtu aliyeifungua tena, na sisi tulioipitisha hatukuifungua. Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo, ingawa limechelewa.

Wasomaji wenyewe

Ni nani hawa tunaowacheka? Anayesafiri kutoka Kapkoros hadi Mogogosiek, kisha akaelekea Kericho, hupita katikati ya mashamba ya wakulima wadogo na baadaye mashamba makubwa ya kampuni. Vibarua wa mashamba hayo makubwa si wa kabila moja. Kuna Wakipsigis, Wagusii, Wajaluo, Waluhya na wengineo, na lugha inayowakutanisha kambini ni Kiswahili. Kwa hiyo hadithi ya Kiswahili iliyoandikwa Dar es Salaam au Mombasa haifiki hapo kama kitu kigeni. Hufika katika lugha ile ile ya kupimia majani, ya kugombania zamu na ya kukopeshana unga.

Namna ya kusoma nayo inastahili kuzingatiwa. Mara nyingi simu ni moja na wasikilizaji ni watano au sita. Mmoja husoma kwa sauti baada ya chakula cha jioni, wengine humkatiza. Sehemu za mwanzo za hadithi hutolewa bure, na anayetaka kujua mwisho hulipa kwa simu. Hivyo wasomaji huchanga. Mtu aliyechanga pesa zake ili ajue hatima ya mhusika hawezi kuitwa msomaji mzembe. Ni wangapi kati yetu tulionunua riwaya ya Kiswahili mwaka huu bila kulazimishwa na silabasi?

Baada ya semina ile tuliketi, si mara moja, katika kusanyiko la namna hiyo. Hadithi iliyokuwa ikisomwa ilihusu msichana aliyefika shambani kutafuta kibarua, na nyapara akamtajia bei isiyokuwa ya fedha. Sehemu ilikatika hapo kwa taharuki, kama ilivyo desturi ya mfululizo, na mjadala ukaanza. Mwanamke mmoja alisema msichana alijitakia. Mwingine alimkemea, akamwuliza kama yeye mwenyewe alipokuwa mgeni alikuwa na mlango wa pili wa kugonga. Wa tatu, mwanamke wa makamo aliyekuwa kimya, alitoa kauli ambayo hatujaisahau. Alisema mwandishi huyu hajui kazi yetu, kwani hajatuambia msichana alichuma kilo ngapi na ni nani aliyeziandika.

Tuitafakari kauli hiyo. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Anayesimamia mizani na daftari ndiye anayeshika riziki yake, na anaweza kumwadhibu bila kumgusa, kwa kupunguza tarakimu tu. Msomaji yule alikuwa akisema kwamba mwandishi amemsawiri nyapara kama mtu mwenye tamaa, bali hakuonyesha mfumo unaoipa tamaa hiyo nguvu. Huo ni uhakiki wa uhalisia na wa usawiri wa wahusika kwa pamoja. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa nne angeliandika hayo, tungelimpa alama ya juu na kumshauri aendelee na masomo ya uzamili.

Wala haikuwa dhana tupu. Mnamo Februari 2023 shirika la habari la BBC lilitangaza uchunguzi kuhusu unyanyasaji wa kijinsia katika mashamba ya majani chai ya Kericho, ambapo wanawake zaidi ya 70 walieleza kwamba walinyanyaswa na wasimamizi wao. Ulimwengu ulishtuka. Wasomaji wa kambini hawakuwa na la kushtukia, kwa kuwa walikuwa wakiijadili dhamira hiyo jioni baada ya jioni kwa kuwatumia wahusika wa kubuni, maana kumtaja mhusika wa kubuni hakumfukuzishi mtu kazi. Kama wahakiki tungeliyasikiliza mazungumzo yale, tungeligundua kwamba fasihi ilikuwa ikifanya ile kazi ambayo kila utangulizi wa kitabu cha nadharia hudai kuwa fasihi huifanya.

Nadharia ya msomaji isiyo na msomaji

La kushangaza ni kwamba idara zetu hufundisha nadharia ya upokezi. Tunamtaja Hans Robert Jauss na mhadhara wake wa 1967 huko Konstanz. Tunawakaririsha wanafunzi "upeo wa matarajio". Tunamnukuu Wolfgang Iser kuhusu mapengo ambayo msomaji huyajaza. Lakini msomaji wa Iser ni msomaji aliyedokezwa na matini. Hachumi chai, hachangi pesa, hana nyapara. Tumempenda kwa sababu habishi. Tumeagiza kutoka Ujerumani nadharia ya kumheshimu msomaji, kisha tukaitumia kukwepa kukutana naye.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1984 Janice Radway alichapisha nchini Marekani utafiti uliowahoji wanawake waliosoma riwaya za mapenzi zilizodharauliwa na wasomi, akaonyesha kwamba walikuwa na vigezo vyao vya kupambanua kazi nzuri na mbaya. Karibu nasi zaidi, Uta Reuster-Jahn aliandika mwaka 2008 kuhusu riwaya za mfululizo za Eric Shigongo katika magazeti ya Tanzania. Inatupasa tujiulize kwa nini ilimbidi mtaalamu atoke ng'ambo ndipo gazeti linalouzwa kituo cha basi lionekane kuwa matini.

Tena kuna suala la chozi. Aristotle alifundisha kwamba tanzia huamsha huruma na hofu, na tangu hapo hakuna mhakiki aliyewacheka watazamaji wa Athene. Sasa iweje chozi la Athene liwe nadharia na chozi la Mogogosiek liwe umbea? Tofauti tunayoiona sisi ni ya umri wa chozi na mahali lilipodondokea, wala si ya thamani yake.

Hoja za wapinzani

Hoja ya kwanza husema kwamba wasomaji hawa hawatofautishi ubunifu na maisha. Tumeona kinyume. Wanaposema "mwandishi asimwue huyu", wanakiri kwamba kuna mwandishi na kwamba kifo hicho ni uamuzi wake. Anayeyaona matukio ya hadithi kuwa majaliwa humwomba Mungu, hamwandikii mtunzi ujumbe. Kumsihi mtunzi ni ushahidi wa kuelewa kwamba kazi imetungwa na ingeweza kutungwa vingine.

Hoja ya pili husema kwamba shinikizo la wasomaji huharibu sanaa. Kweli, Arthur Conan Doyle alimwua Sherlock Holmes mwaka 1893, na baada ya malalamiko mengi na miaka kumi kupita akamrudisha. Wapo wanaoona kwamba heri angalimwacha afe. Hata hivyo uko mfano mwingine usiotajwa sana. Charles Dickens alipokuwa akitoa David Copperfield kwa sehemu, kati ya 1849 na 1850, mwanamke mfupi wa kimo alijitambua katika mhusika Bi Mowcher, akaandika kulalamika kwamba ameumizwa. Dickens alimbadilisha. Katika sehemu za baadaye mhusika huyo anatokea na utu ambao mwanzoni hakupewa, na riwaya haikuporomoka. Msomaji aliona ila ya kimaadili ambayo pia ilikuwa ila ya kisanaa, yaani kumfanya mtu kichekesho kwa sababu ya kimo chake. Mfululizo ndio uliompa nafasi ya kusema kabla wino haujakauka.

Hoja ya tatu, na ndiyo inayotuudhi zaidi, husema kwamba majibizano ya namna hii ni zao la simu na hayana mizizi katika fasihi yetu. Anayesema hivyo amesahau somo lake mwenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa wasomaji nafasi ya kutunga na kujibiana, na ukurasa wa mashairi magazetini umeendelea na malumbano hayo hadi enzi zetu. Na aliyelelewa na ngano za nyanya yake, awe Mkipsigis au Mswahili wa pwani, anajua kwamba hadhira isiyoitikia humfanya fanani akalale. Hadhira iliyonyamaza ndiyo ngeni kwetu, tuliifundishwa darasani.

Msomaji mwenye cheo na asiye na cheo

Tusidai kwamba hatujawahi kuandika kuhusu hisia za wasomaji. Tumeandika sana. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 na kisha kupigwa marufuku shuleni nchini Tanzania, wakuu waliokerwa na usawiri wa wanafunzi wa kike na watu wazima wanaowaharibu walikuwa wasomaji. Hisia yao imechambuliwa katika tasnifu na makala yasiyo na idadi. Basi inaonekana kwamba hisia ya msomaji ni data ikiwa msomaji ana muhuri wa ofisi. Akiwa na kikapu mgongoni, ni umbea.

Shule nazo zimeendeleza mtindo huo. Mtahiniwa aliyesoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed hufundishwa kuorodhesha sifa za Maksuudi: dhalimu, mnafiki, mwenye tamaa. Haulizwi kama alimkasirikia, wala kama alimsamehe Maimuna, wala kwa nini. Tunamwondolea mwanafunzi hasira yake, tunampa orodha, kisha tunalalamika kwamba vijana hawapendi kusoma.

Tahadhari

Hatusemi kwamba msomaji yu sahihi daima. Yule aliyesema "alijitakia" hakuwa sahihi, na kauli yake husikika mara nyingi mno ili tuifumbie macho. Wasomaji wa mfululizo huwahukumu wahusika wa kike kwa ukali ambao hawauelekezi kwa wanaume, na wapo watunzi wanaouza kwa kuuchochea ukali huo. Lakini hiyo ndiyo sababu ya mhakiki kuwapo pale. Kauli hiyo ilijibiwa papo hapo na mchumaji mwingine, kwa hoja, bila msaada wetu. Uhakiki ulikuwa ukiendelea. Mhakiki ndiye aliyekosekana. Kuheshimu maoni ya wasomaji ni kuyachukulia kuwa hoja zinazoweza kukubaliwa au kupingwa. Kuyacheka ni kuyanyima hata heshima ya kupingwa.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tasnifu yoyote itakayojiegemeza kwenye nadharia ya upokezi ilazimike kuwa na wapokezi walio hai, wenye majina yaliyohifadhiwa na maneno yaliyonukuliwa kikamilifu. Pili, idara zianze kuhifadhi riwaya hizi pamoja na majibizano yake kwa idhini ya wenyewe, kwa maana simu ikiharibika au ikibadilishwa, matini na uhakiki wake hupotea siku moja. Vyuo vilivyo jirani na wasomaji hawa havina kisingizio cha umbali: Kabianga kilipata hati mwaka 2013, na mwaka 2017 kilianzishwa Bomet chuo kikuu kishiriki cha Moi. Tatu, majopo yetu yajiulize, kabla ya kucheka, yanamcheka nani.

Kuhusu hadithi ile ya nyapara, sehemu iliyofuata ilikuja baada ya siku nne. Msichana alikataa, akaondoka shambani usiku. Wasikilizaji walishangilia isipokuwa yule mwanamke wa makamo. Aliuliza swali moja tu: mshahara wa siku alizokwisha kufanya aliuacha kwa nani? Mwandishi hakulijibu. Wala sisi, kwa shahada zetu zote, hatukuwa tumefikiria kuliuliza.