Ordinatere za zamani zisitupwe, zijaribiwe kwa Linux

Katika ofisi ndogo za kuchapa na kufotokopi hapa Lubumbashi, ordinatere nyingi ni za okazio, zimeshatumika kwa watu wengine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama TPM 2.0 na prosesa mpya, vitu ambavyo mashine ya mwaka 2012 haina. Mwenye ofisi anabaki na Windows isiyolindwa, au anaweka ya wizi. Mwanafunzi analeta TFC yake kwa flash, anarudi nyumbani na virusi.

Linux ni ya bure. Lakini mwenye ofisi anauliza swali la haki: programu yangu ya hesabu, iliyotengenezwa kwa Windows, itakwenda wapi?

Jibu lipo, linaitwa Wine, kazi iliyoanza mwaka 1993. Wine haiweki Windows nzima ndani ya ordinatere. Programu ikiomba kufungua faili au kuchora dirisha, Wine inatafsiri ombi hilo kwa Linux. Ndiyo sababu haihitaji memori nyingi kama VirtualBox, ambayo inabeba Windows kamili, tena Windows hiyo inadai leseni yake.

Anayesema Wine inaweza yote anadanganya watu. Programu ndogo za zamani mara nyingi zinatembea vizuri; Office za karibuni zinasumbua. Hata virusi vingine vya Windows vinaweza kutembea ndani ya Wine. Na mtego mkubwa ni imprimanti: Wine haitumii madereva ya Windows, kwa hiyo imprimanti lazima ikubaliwe na Linux yenyewe. Ofisi inayoishi kwa kutoa karatasi ianze hapo.

Kujaribu hakuharibu kitu, kwani Linux nyingi zinawaka kutoka flash bila kugusa diski. Mwenye mashine tatu abadilishe moja kwanza. Kuchapa kufanyike kwa LibreOffice, ila TFC iliyoandikwa kwa Word ipitiwe ukurasa kwa ukurasa, maana meza na pembezoni zinaweza kusogea. Wine ibaki kwa ile programu ya hesabu.

Tena, mmoja akishalipia mega za kupakua Linux, majirani wa barabara nzima wanaweza kuinakili kwa flash, na sheria inaruhusu.