TUYAJUE MANENO YANAYOTUHUKUMU

Ndugu Wanachama,

Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba Kiingereza cha sheria hakituhusu; kwamba ni mabaki ya mtawala aliyekwisha kwenda zake, na kwamba mawakili wapo. Husema pia kuwa tangu mwaka 2021, Bunge la Muungano lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama huko Bara, Kiingereza hakina tena nguvu. Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini hayamfai mtu aliyesimamishwa mbele ya meza ya polisi. Sheria yetu ya Mwenendo wa Jinai, Nambari 7 ya mwaka 2018, imepigwa chapa kwa Kiingereza, na hukumu za tangu enzi ya Mwingereza ziko kwa lugha hiyo hiyo. Na wakili, aghalabu, huja baada ya mtu kwisha kutia saini. Asiyejua kusoma mizani hupimiwa apendavyo mwenye mizani.

Tulitazame neno "inquiry", yaani uchunguzi wa tume. Mwezi wa Juni 1961, baada ya uchaguzi, watu 68 walipoteza roho zao katika ghasia za Unguja. Serikali ya Uingereza ikaleta tume chini ya Sir Stafford Foster-Sutton, na taarifa yake ikaandikwa kwa Kiingereza. Hivyo wenye misiba wakawa wa kusimuliwa na wengine khabari za misiba yao wenyewe! Tena, baada ya mauaji ya Januari 2001, mwaka 2002 ikaundwa tume ya Bwana Hashim Mbita, na wengi wakaingoja kama waingojavyo kadhi. Lakini tume si mahakama. Tume huuliza, huandika na hupendekeza. Haimtii mtu hatiani. Wala haivuki mpaka iliyowekewa katika karatasi ya kuundwa kwake. Mpaka huo Waingereza huuita "terms of reference", nasi twauita hadidu za rejea. Basi ikitangazwa tume yoyote, tusikimbilie kuuliza ni nani mwenyekiti. Tuulize kwanza hadidu zake, kwani lisilokuwamo humo halitaulizwa, na lisiloulizwa halitajibiwa.

Yako kisha maneno matatu: "suspect", "accused" na "convict". La kwanza ni mtu anayeshukiwa tu; la pili ni aliyekwisha kushtakiwa; la tatu ni yule ambaye mahakama imemtia hatiani. Baina ya hatua na hatua pana haki nyingi, na Katiba ya Muungano, katika ibara ya 13(6), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosa kabla ya kuthibitika kosa lake. Lakini mara ngapi mtu hukamatwa alfajiri, na jioni akaitwa mhalifu? Na sisi wenyewe, barazani, hulipokea neno hilo na kulitembeza!

La khatari zaidi ni "discharge" na "acquittal". Katika yote mawili mlango wa gereza hufunguliwa, na jamaa hupika biriani. Lakini aliyepata "acquittal" mahakama imemsikiliza na kumwona hana hatia. Aliyepata "discharge" kwa sababu mashtaka yameondolewa ameachiwa tu, na aweza kushtakiwa tena. Mwezi wa Juni 2021 masheikh wa Uamsho walitoka baada ya miaka mingi ya mahabusu, kwa kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka aliyaondoa mashtaka. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini ni wangapi waliotambua kwamba hukumu ya kuwasafisha haikutamkwa? Miaka ile haikupatiwa jawabu hata leo.

Atakayesema kuwa kujifunza hivi ni kumtukuza mkoloni, naye azingatie kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Humo Mola ameamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, na mwenye kudaiwa ndiye atoe maneno ya kuandikwa. Ikiwa katika deni la fedha mtu hafungwi kwa maneno asiyoyatamka, itakuwaje afungwe shingo yake kwa maneno asiyoyafahamu?

Kwa hiyo tudai mambo mawili kwa pamoja. Serikali itoe sheria zote za Visiwa hivi kwa Kiswahili, lugha ya wenyewe. Na madhali haijafanya hivyo, kila tawi litenge jioni moja kwa wiki: ubao mmoja, chaki, maneno matano, na vijana wetu wa skuli wawasomeshe wazee wao bila ya haya baina yao. Asiyefahamu karatasi asitie saini. Aombe isomwe kwa Kiswahili, neno kwa neno, mbele ya shahidi.

Shime ndugu! Dhulma hupenda giza, na neno lisilofahamika ni giza.

Wabillahi tawfiq.

Mwanachama