Bei ya shamba isomwe mkutanoni

Anayetafuta shamba Handeni siku hizi hakosi dalali wa kumpeleka. Barabara kuu ya Chalinze hadi Segera inapita Mkata na Kabuku, na mtu wa Dar es Salaam mwenye akiba yake huota ekari 20 za michungwa na ng'ombe wachache wa maziwa. Anaonyeshwa kinachoitwa "shamba pori", anapatana bei na mwenyewe chini ya mwembe, mwenyekiti wa kitongoji anaitwa kushuhudia, muhuri unagongwa, fedha zinahesabiwa. Wanaagana wakiamini biashara imekwisha, kumbe kwa sheria bado haijaanza.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inamruhusu mwanakijiji kumhamishia mwingine hakimiliki yake ya kimila, ila mnunuzi asiye mkazi wa kijiji hicho ni lazima apate idhini ya halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji ni mjumbe mmoja tu wa halmashauri hiyo, na muhuri wake haugeuki kuwa kikao. Idhini huthibitishwa na muhtasari wa kikao chenye akidi. Mahakama ya Rufani imekuwa ikisema tangu miaka ya 1980 kwamba ardhi ya kijiji ikiuzwa bila idhini hiyo, mauzo ni batili. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda michungwa, akaisubiri miaka mpaka izae, kisha akasimama mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na karatasi ambayo haimsaidii kitu. Mimi nasema hata idhini ya halmashauri peke yake haitoshi. Kila shamba linalouzwa kwa mtu wa nje lisomwe kwanza kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ukubwa wake, mipaka yake na bei yake, kabla shilingi haijatoka mfukoni.

Itazameni karatasi yenyewe. Mara nyingi ni ya daftari la shule, imeandikwa kwa kalamu: fulani amemuuzia fulani ekari 10, mashariki korongo, magharibi shamba la marehemu fulani, kusini mnyaa. Ekari hizo zimepimwa kwa miguu, hatua 70 kwa 70 kwa kila moja. Mwenye hatua ya mita moja kamili atapata mita za mraba 4,900, wakati ekari halisi ni kama 4,047. Mwenye hatua ya sentimita 80 atapata 3,136 tu. Kwenye ekari 10, tofauti ya wapimaji hao wawili inazidi ekari nne, na hakuna aliyedanganya. Sasa lisome shamba hilo mbele ya watu mia mbili. Jirani wa upande wa korongo atanyoosha mkono, mtoto wa marehemu atauliza tangu lini, na mama aliyelima kipande kile misimu yote atasema yeye hakuulizwa. Huyo mama sheria inamjua: halmashauri haitakiwi kuidhinisha uhamishaji unaomnyima mwanamke haki yake ya kuitumia ardhi. Lakini halmashauri itajuaje kama jina lake halimo kwenye karatasi?

Na hilo neno "pori" ni la muuzaji. Shamba lililopumzishwa, malisho ya kiangazi, mahali pa kuokota kuni, yote kwa dalali ni pori. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka huohuo wa 1999, iliongeza utata pale ilipoingiza ardhi ya kijiji "isiyokaliwa au isiyotumika" katika maana ya ardhi ya jumla. Nani wa kusema ardhi haitumiki kama si wanaoitumia, na watalisemea wapi kama si mkutanoni?

Wapo watakaosema shamba ni mali ya mtu, na bei ni siri yake na mnunuzi. Kwa kuku na baiskeli, nakubali. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, mdhamini wake ni Rais, na anachouza mwanakijiji ni haki ya kuitumia. Wilaya jirani ya Korogwe inafundisha zaidi. Tangu Richard Hindorf alipoleta mkonge mwaka 1893, mashamba makubwa yalishika ardhi nzuri ya kandokando ya mto Pangani na reli, Ngombezi, Magunga, Mnyuzi hadi Hale, na vijiji vikabaki vimebanwa katikati. Kijiji kilichobanwa hivyo kikipoteza ekari 50 kimyakimya, wanaobanwa zaidi ni watoto wa wote, wakiwemo wa jirani ambaye hakuuza.

Hoja nzito ni ya mwenye shida. Mgonjwa hospitalini hasubiri mkutano wa kila miezi mitatu. Ni kweli, ila shida hiyohiyo ndiyo inayolitoa shamba kwa bei ya kutupa, na ndiyo dalali anayoiwinda. Mwenye haraka akodishe msimu mmoja au miwili, au mkutano wa dharura uitishwe. Wengine watasema viongozi wenyewe ndio wala rushwa, hasa kule wanakodai asilimia 10 ya kila mauzo. Ndiyo sababu nami sitaki jambo hili liachiwe kikao cha wachache. Hiyo asilimia 10, kama ipo, isomwe pamoja na bei na iandikiwe stakabadhi ya kijiji.

Handeni ilikuwa miongoni mwa maeneo ya majaribio ya MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, katika kurasimisha ardhi ya vijijini, kwa hiyo kupima mipaka na kuandika hati za kimila si jambo geni huko. Hati ikiwepo, kazi ya mkutano inakuwa nyepesi. Isipokuwepo, kazi ianze na daftari moja la mauzo kwa ofisa mtendaji wa kijiji, na anayetaka kununua aombe kulisoma kabla ya kwenda kuonyeshwa mwembe.