Mtoto Akitimiza Miaka Minne Gerezani, Anakwenda Wapi?

Mtoto huyu hajaiba, hajapika chang'aa, wala hajasimama mbele ya hakimu. Hata hivyo, jioni mlango wa chuma unapofungwa, naye hubaki ndani, kwa sababu mama yake ni mfungwa na yeye bado ananyonya.

Watoto wa namna hii wapo katika magereza ya wanawake nchini Kenya, kuanzia Lang'ata jijini Nairobi hadi Shimo la Tewa kule Pwani. Baadhi yao waliingia wakiwa mgongoni mwa mama zao. Wengine walizaliwa mama akiwa tayari anatumikia kifungo.

Kijijini habari kama hii ikifika, watu hugawanyika. Wapo wanaosema mtoto asikae jela hata siku moja. Wengine husema mtoto mchanga hana kwao ila kwa mama. Makala haya yanaeleza sheria inasema nini, na kwa nini siku iliyo ngumu zaidi mara nyingi si ile ya kuingia, bali ile ya mtoto kutoka.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Magereza ya Kenya, Sura ya 90, inaruhusu mtoto mchanga wa mfungwa mwanamke kupokewa gerezani pamoja na mama yake. Nguo na mahitaji yake mengine yanaweza kugharamiwa na serikali. Lakini kuna mpaka. Mtoto atakaa hadi atimize miaka minne, au hadi mipango ya kumtunza vizuri nje ikamilike. Kati ya hayo mawili, linalotangulia ndilo linalofuatwa.

Umri huo haufanani kila nchi. Uganda imeweka miezi 18. Afrika Kusini imeweka miaka miwili. Tofauti hiyo inaonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Ukimtoa mapema, unamtenga na ziwa na joto la mama wakati anapolihitaji zaidi. Ukimchelewesha, anakua akidhani dunia yote ina ukuta.

Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni kuhusu wanawake wafungwa, zinazojulikana kama Kanuni za Bangkok. Zinasema mtoto aliye gerezani na mama yake asichukuliwe kamwe kuwa mfungwa. Zinasema pia mama asifungwe pingu wakati wa uchungu, anapojifungua, wala mara tu baada ya kujifungua. Na mtoto akizaliwa gerezani, kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka cheti chake cha kuzaliwa kisitaje jambo hilo, ili lisimfuate maisha yake yote.

Malezi nyuma ya ukuta

Miezi sita ya kwanza, mtoto anahitaji maziwa ya mama tu. Kwa hiyo afya yake inategemea kile mama anachokula. Baada ya hapo huanza uji na vyakula laini, na hapo ndipo shida hujitokeza. Ugali na maharagwe ya mfungwa mtu mzima si chakula cha mtoto wa miezi saba. Gereza lenye bajeti finyu hutegemea sana wahisani kwa maziwa, nepi na vifaa vya kuchezea.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Mtoto wa kijijini akifika miaka mitatu anamjua mbuzi, anaijua njia ya kwenda kisimani, anamjua jirani mwenye miwa. Mtoto wa gerezani anaijua saa ya wafungwa kuhesabiwa. Watu wazima anaowaona kila siku ni wafungwa na askari. Akitoka nje, hata gari au ng'ombe vinaweza kumtia hofu.

Lakini mtoto huyo ana kitu kimoja ambacho ndugu zake waliobaki nyumbani huenda hawana. Analala kifuani mwa mama yake. Ndiyo maana siku ya kutenganishwa huwa nzito.

Siku ya kutoka

Chukua mfano wa mwanamke aliyehukumiwa miaka saba, mtoto wake akiwa na miezi mitano. Mtoto atafika miaka minne huku mama akiwa bado na muda wa kutumikia. Kama ndugu hawajajitokeza, afisa wa watoto atalazimika kutafuta mahali pengine pa kumlea, hata kituo cha watoto.

Ndugu wanapojitokeza nao, mara nyingi ni nyanya wa mtoto, ambaye huenda hajawahi kumwona. Mtoto anakabidhiwa kwa mtu mgeni, katika nyumba ngeni, na usiku wa kwanza mama hayupo.

Kanuni za Bangkok zinataka mtoto atolewe kwa uangalifu, pale tu malezi mengine yanapokuwa yamepatikana, na baada ya hapo apewe nafasi ya kumwona mama yake. Hilo haliwezi kufanyika kwa siku moja. Linahitaji nyanya, shangazi au mama mdogo aanze kutembelea gereza mapema, ili mtoto amzoee.

Je, lazima mama afungwe?

Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2000, unazungumzia jambo hili katika Kifungu cha 30. Unataka mahakama, inapomhukumu mama wa mtoto mdogo au mjamzito, ianze kwa kufikiria adhabu isiyo ya kifungo.

Kenya inayo njia hiyo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu kumpa mkosaji kazi ya jamii pale ambapo kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu. Mama hufanya kazi mchana, kwa mfano shuleni au katika zahanati, na jioni hurudi kwa watoto wake.

Wapo watakaouliza: basi kila mwenye mtoto avunje sheria? Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikabiliwa na swali hilo. Mama wa wavulana watatu alikuwa amepatikana na hatia ya ulaghai. Mahakama haikumwachilia bila adhabu. Ilimwondolea kifungo kilichosalia, ikamweka chini ya uangalizi, ikamtaka afanye kazi ya jamii na kuwalipa aliowatapeli. Hoja ilikuwa kwamba hakimu lazima apime athari kwa watoto kabla ya kuamua. Kwa makosa mazito kifungo bado kipo. Lakini kwa kosa dogo, au faini iliyokosa kulipwa, ni haki kuuliza ni nani hasa anayeadhibiwa.

Familia inaweza kufanya nini?

Kwanza, usinyamaze mahakamani. Kabla ya hukumu, mwambie hakimu kuwa una mtoto mchanga au una mimba, na uombe ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa huyo anaweza kuzungumza na familia na chifu, kisha akaieleza mahakama hali ya nyumbani.

Pili, hukumu ikitolewa na hamjaridhika, muda wa kukata rufaa ni siku 14. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada wa kisheria wa serikali, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Tatu, hakikisheni mtoto ana cheti cha kuzaliwa. Bila hicho, atapata taabu siku ya kuandikishwa shule.

Nne, mtembeleeni. Msingoje afikishe miaka minne. Atakayemlea ajulikane mapema, na afisa wa watoto wa kaunti ndogo ahusishwe. Ukihitaji ushauri kuhusu mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo.

Na akishafika kijijini, asiitwe mtoto wa jela. Alikwenda huko kwa sababu alikuwa ananyonya. Kosa halikuwa lake, na mama yake atakaporudi, atahitaji kumkuta mtoto ambaye bado anamjua.