Imani Iliyokomaa Haitupi Vidonge



Ukurasa huu wa afya umezoea kuzungumzia malaria, lishe ya watoto na maji safi. Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya afya ya roho, kwa sababu katika kazi ya uuguzi nimeona kwamba ugonjwa wa mwili na maisha ya ndani hulala kitanda kimoja. Huku kwetu Kasulu na Kibondo, kama ilivyo mahali pengi nchini, wapo wanaoamini kuwa Mkristo aliyekua kiroho ni yule anayeombewa leo na kesho akaacha dawa. Maoni yangu ni kinyume cha hapo.

Chukueni mfano wa kifua kikuu. Matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6. Kwa miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa za aina nne, na miezi 4 inayofuata aina mbili. Baada ya wiki chache tu kikohozi hupungua, hamu ya kula hurudi, na mwenyewe anachukua jembe kwenda kwenye shamba lake la muhogo. Hapo ndipo penye hatari. Vijidudu vilivyobaki bado ni hai, ingawa yeye hasikii kitu. Akiacha dawa, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, na watoto wanaolala naye nyumba moja wakaambukizwa. Kwa hiyo uponaji unakamilika katika ile miezi minne ambayo mgonjwa haoni tena sababu ya kumeza.

Maisha ya kiroho yanafanana na hayo. Mtu hutoka kwenye mafungo akiwa na moto moyoni. Wiki za kwanza sala ni tamu, na Rozari haimchoshi. Kisha utamu unakwisha. Maharage yanataka palizi, mtoto ana homa, mume na mke hawaelewani. Wengi hudhani kuwa Mungu amewaacha, wakaenda kutafuta mahali pengine penye moto mpya. Mimi nasema kukua kwenyewe kunaanzia hapo: unapopiga magoti bila kusikia chochote, na kesho yake ukapiga tena.

Sote tunakumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Bei ilikuwa shilingi 500, na mgonjwa alitakiwa kunywa kikombe kimoja tu. Magari yalipanga foleni kwa kilometa nyingi. Wapo wagonjwa waliotolewa hospitalini kupelekwa huko, na wapo waliofariki safarini. Mzee yule naye alifariki mwaka 2021. Sisemi haya ili kumhukumu marehemu, wala wale waliokwenda, maana mwenye maumivu hushika lolote analoona. Nasema tu kwamba hamu ya kikombe kimoja imo ndani yetu sote. Tunataka Mungu amalize mara moja jambo ambalo yeye anapenda kulifanya pamoja nasi, siku kwa siku.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu aliugua kifua kikuu akiwa mtawa kijana huko Lisieux, Ufaransa. Alifariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na umri wa miaka 24. Wakati ule dawa ya kuponya ugonjwa huo haikuwapo. Streptomisini, iliyokuwa ya kwanza, iligunduliwa mwaka 1943. Zaidi ya hayo, katika mwaka wake wa mwisho na nusu alipita katika giza zito la imani, asione faraja ya mbinguni. Hata hivyo aliendelea kutenda mambo madogo ya upendo kila siku. Yeye alisali bila kuwa na dawa. Sisi leo tunapewa dawa hiyo bure, halafu tuitupe kwa jina la sala?

Mtu ataniuliza, “Je, huamini miujiza?” Naamini. Lakini Yesu alipomtakasa mwenye ukoma, alimtuma akajionyeshe kwa kuhani, ambaye kwa sheria yao ndiye aliyekuwa na kazi ya kuthibitisha. Muujiza wa kweli hauogopi kipimo. Ukiamini umepona, njoo kliniki tupime makohozi au shinikizo la damu, huku ukiendelea na dawa. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI, kipimo kikionyesha kuwa virusi havionekani, maana yake dawa inafanya kazi, wala si kwamba virusi vimekwisha. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu tabibu, na kwamba dawa zimetoka kwa Mungu mwenyewe. Sura hiyo hiyo inamwagiza mgonjwa asali. Vyote viwili vinakwenda pamoja.

Basi, familia zetu zifanye nini?

Kwanza, saa ya dawa iwe pia saa ya sala. Anayemeza kidonge saa mbili usiku aseme Baba Yetu moja, na watu wa nyumbani wamwitikie.

Pili, kabla ya kulala tukae kimya dakika 10. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyeanza safari yake ya kiroho mwaka 1521 akiwa kitandani na mguu uliovunjwa vitani, alituachia desturi ya kujichunguza kila siku. Ujiulize: leo nimeshukuru wapi? Nimemuumiza nani? Kesho nirekebishe nini?

Tatu, tumwite padre mapema. Mpako Mtakatifu ni sakramenti ya wagonjwa, kwa hiyo msingoje mtu awe anakata roho.

Nne, Jumuiya zikimtembelea mgonjwa zisiishie kumwuliza kama amepona. Ziulize kama amekula, kama dawa zimebaki, na nani atamsindikiza kliniki.

Kwa makatekista na viongozi wa vikundi vya sala nina ombi moja: mwombeeni mgonjwa kwa nguvu zote, lakini asitoke mbele yenu akidhani kwamba kumeza dawa ni kumkosea Mungu. Yule mama anayemeza kidonge chake mwezi wa tano, bila kikohozi na bila mtu wa kumsifu, anafanya tendo la imani. Tumheshimu, na tujifunze kwake.

Mungu awabariki, awape afya ya roho na mwili.