Siku 22 za kibarua: nani anazihesabu?

Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema kibarua akitumika siku 22 ndani ya miezi 2, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Kumfukuza kunahitaji sababu na taarifa ya mbele ya siku 14 za kazi au zaidi.

Ni ulinzi mzuri, ila una tundu. Bosi anaweza kumsimamisha siku ya 21 na kuita mwingine. Zaidi ya hayo, sheria ileile hailazimishi mkataba wa maandishi kwa kazi ya siku kwa siku. Wanaotaka kanuni hiyo ilegezwe ili ajira ziongezeke hawagusi shida hii. Kibarua wa ujenzi Bukavu akidai haki kwa mkaguzi wa kazi, daftari la siku liko kwa bosi; mashahidi wake ni wenzake, nao wanaogopa kutoitwa kesho.